Anwani Iliyo Nyuma ya Picha

Swali: Shikamoo kaka. Baba yangu ni mchoraji wa Tingatinga hapa Dar es Salaam, anachora tangu miaka ya 1980. Mwaka 2009 mgeni mmoja aliyekuja kujitolea alimtengenezea tovuti. Sasa imechakaa. Kwenye simu maandishi ni madogo kama ya kwenye boksi la dawa, ukurasa wa mbele uliokuwa na tembo wanaotembea umebaki na kiboksi cha kijivu, na juu panaandikwa kwamba si salama. Fundi tuliyemwona anasema ya zamani tuifute, tuanze upya na jina la kisasa zaidi, na anataka shilingi milioni 2. Baba yeye anataka tembo wake warudi, basi. Siku hizi mimi ndiye ninayeuza, kwa Instagram na WhatsApp, na najiuliza kama tovuti bado ina haja. Kama ipo, tuanzie wapi? Halafu jambo dogo: baba ana mazoea ya kuandika anwani ya tovuti nyuma ya kila picha anayouza, chini ya sahihi yake, kwa hiyo hilo jina jipya itabidi tumzoeshe taratibu.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Mfikishie mzee salamu zangu.

Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nimelisoma nikianzia mwisho. Hilo uliloliita jambo dogo ndilo linalojibu mengine yote. Mzee amekuwa akiandika anwani ile nyuma ya picha kwa miaka zaidi ya 15. Hata kama aliuza mbili tu kwa wiki, piga hesabu: ni picha zaidi ya 1,500, zimetundikwa kwenye kuta za watu ambao wengi wao hamtawaona tena. Siku moja mmoja wao anahama nyumba. Anaishusha picha ukutani, anaigeuza kupangusa vumbi, anakuta sahihi na anwani. Anatoa simu mfukoni. Mteja wa namna hiyo ameshailipia kazi ya baba yako, ameishi nayo miaka kumi, na sasa anataka kujua mchoraji yuko wapi. Hakufuati Instagram na wala hajui kama upo. Njia yake ya kuwafikia ni yale maandishi ya kalamu tu.

Kwa hiyo haja ya tovuti ipo, na jina halibadilishwi. Fundi wako akisema jina la zamani ni refu, au limepitwa na wakati, mwambie limeshaandikwa kwa wino kwenye kazi zaidi ya elfu moja, hatuwezi kwenda kuzikusanya. Mkitaka jina fupi la kuandika kwenye kadi, nunueni la pili na lielekezwe kwenye lile la kwanza. Lile la kwanza liendelee kulipiwa ada kila mwaka.

Sasa tuanzie hapo hapo kwenye jina, kabla ya kuzungumza rangi wala tembo. Nani analimiliki? Nina wasiwasi kwamba ni yule mgeni wa 2009. Si kwa ubaya. Watu wa kujitolea hufanya hivyo kwa kuharakisha kazi, husajili kwa barua pepe yao na kadi yao ya benki. Jina likiwa linaishia na .com, nenda kwenye ukurasa wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, wa kutafuta taarifa za majina, liandike, uone limesajiliwa kupitia kampuni gani na muda wake unaisha lini. Jina la mwenyewe mara nyingi siku hizi hufichwa, lakini tarehe hutaikosa. Kisha mtafute mgeni. Mwandikie kwa upole, mwambie mzee anaendelea vizuri na bado anaitumia zawadi yake, na muombe akuhamishie jina kwenye akaunti ya baba. Akikubali, atakupa namba ya siri ya uhamisho, mambo yanaisha ndani ya wiki.

Ninalisisitiza hili kwa sababu limewahi kunikuta. Miaka ya nyuma nilipewa tovuti ya mzee mmoja mchonga vinyago. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameondoka, na barua za kukumbusha malipo zilikuwa zinakwenda kwake. Mimi nikashughulika na mpangilio wa kurasa, mistari, herufi, ikapendeza sana. Tarehe ya jina sikuiangalia. Jina la .com likiisha muda halipotei siku hiyo hiyo. Kwa kawaida kampuni ya usajili hukupa siku kadhaa, zinaweza kufika 45, kisha zinakuja siku 30 ambazo unaweza kulikomboa kwa bei ya juu, halafu siku 5 za mwisho, baada ya hapo anayewahi ndiye wake. Tulikuja kushtuka mzee wa watu alipopigiwa simu na mteja akimuuliza kama siku hizi amekuwa mtu wa kamari. Kurasa zake zilikuwa zimejaa matangazo ya kubeti. Kosa lilikuwa langu, na kadi zake alizochapisha tulizitia moto pamoja.

Jina likishakuwa mkononi, lisajiliwe kwa jina la baba, kwa barua pepe mpya mtakayoifungua kwa kazi hii tu. Isiwe ya fundi, wala yako wewe. Kesho unaolewa Mwanza, unabadilisha simu, ndio imetoka. Nywila iandikwe kwenye daftari na daftari likae pale zinapokaa hati za kiwanja. Najua wataalamu wenzangu watanicheka, lakini sijawahi kuona mwizi wa mtandao aliyevunja kabati la mama yako.

Hatua ya pili ni nakala. Fundi amesema tuifute. Hakuna kufuta. Kabla mtu hajagusa chochote, mwambie apakue faili zote zilizo kwenye seva, yaani kompyuta inakokaa tovuti, pamoja na kanzidata (ghala la taarifa za tovuti) kama ipo, akupe kwenye flashi, na wewe uweke nakala nyingine kwenye kompyuta iliyo nyumba tofauti. Kama seva imeshakufa au nywila zimepotea, ingia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, uandike anwani yenu ya zamani. Wao wanahifadhi kurasa za mtandao tangu 1996, na kuna uwezekano mzuri mkazikuta za kwenu kama zilivyokuwa 2010 au 2013. Picha zote hamtazipata, huwa zinarukwa rukwa, lakini majina ya kazi na orodha yake vinaweza kuwepo. Piga skrinshoti ya kila ukurasa utakaoukuta.

Na kama bado unajiuliza kwa nini Instagram isitoshe kuwa hifadhi: Myspace, mtandao wa kijamii, ilikuwa kubwa kuliko mitandao yote ya aina yake wakati tovuti ya baba yako ilikuwa wazo tu. Mwaka 2019 ikakiri kwamba wakati wa kuhamisha seva ilipoteza nyimbo, picha na video ambazo watu walikuwa wamezipandisha kwa miaka kadhaa ya mwanzo. Wanamuziki waliokuwa hawana nakala nyingine walibaki na hadithi. Uza Instagram, unafanya vizuri, endelea. Ila usiiachie kumbukumbu za mzee.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, na hapa fundi hana msaada. Ni orodha ya kazi.

Watu wakitaka kujenga upya tovuti ya msanii huanza na sura: ukurasa wa mbele ukaeje, rangi gani, menyu iwe juu au pembeni. Mimi kazi ya sura naiweka mwisho kabisa, kwa sababu huwezi kupanga nyumba ya vitu ambavyo hujavihesabu. Na kwa Tingatinga jambo hili lina uzito wake wa pekee. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za enameli kwenye vipande vya hadibodi, na akafariki 1972 kwa risasi. Ni miaka minne tu. Mtindo ukaendelezwa na ndugu zake na wale aliowafundisha, mpaka leo upo kwenye chama chao cha ushirika pale Oysterbay, na nje yake. Chui ni yule yule, ndege juu ya mti ni wale wale, mashetani ndio hao hao, mikono ni mingi. Ndiyo maana leo kujua ipi ni ya mkono wa Tingatinga mwenyewe na ipi ni ya waliomfuata ni ugomvi wa watu wazima, wenye pesa ndani yake. Hakuacha daftari. Baba yako yupo hai, anakumbuka, na wewe unajua kutumia Excel. Msiache mambo yafike huko.

Fungua jedwali. Kila kazi mstari mmoja: namba, jina, mwaka, urefu kwa upana kwa sentimita, imechorwa kwa nini na juu ya nini, ipo au imeuzwa, na kama mna taswira yake, yaani picha iliyopigwa na kamera. Namba zianze na mwaka, mfano 2014-07, yaani ya saba mwaka ule. Usiweke namba moja ndefu inayopanda tu. Ukija kugundua picha ya 1998 iliyosahaulika utakosa pa kuichomeka. Mwaka msiokuwa na uhakika nao andikeni "karibu 1998" na msione haya.

Safu ya jina usiijaze peke yako. Kaa na mzee jioni, chai mezani, mwonyeshe taswira moja moja umuulize hii inaitwaje. Nimeshafanya kazi hii na wachoraji wawili watatu na kila mara hutokea kitu kile kile. Kwenye tovuti ya zamani pameandikwa kwa Kiingereza "Chui namba 12", kwa sababu mgeni alikuwa anahesabu chui. Mzee anaitazama kidogo, anasema: "Huyo si chui wa kuwinda. Huyo anamngoja mwenzake, wamekosana." Basi jina ni "Chui Aliyekosana na Mwenzake", na hakuna mchoraji mwingine mjini mwenye hilo. Liandike kwa Kiswahili kama lilivyotoka, tafsiri ifuate chini kwa herufi ndogo. Washa kinasa sauti cha simu, ukipenda. Maneno yake kuhusu picha moja, sentensi mbili tatu, yanatosha kuwa maelezo ya ukurasa. Yatapita kwa mbali zile aya za "sanaa yenye kusherehekea uzuri wa Afrika" ambazo mafundi huzinakili toka tovuti moja kwenda nyingine.

Kazi zilizouzwa zibaki kwenye orodha na kwenye tovuti. Wengi huzifuta, wakidhani zinajaza nafasi. Mwenye picha yake ukutani akiikuta kwenye tovuti, na namba yake na mwaka wake, ana uthibitisho kwamba kazi ni halisi. Akitaka kuiuza au kuikatia bima, anao ukurasa wa kuonyesha. Wala usiandike nani aliinunua; hiyo ni siri ya mteja, ibaki kwenye jedwali lenu. Na kwa zile zilizoondoka bila kupigwa picha, wekeni mstari mmoja chini ya ukurasa wa kazi: "Una picha ya mzee? Tutumie taswira ya mbele na ya nyuma, tuiingize kwenye daftari." Watatuma. Nimeona watu wa miaka 70 wakishusha fremu nzito ukutani kwa furaha ya kuombwa hilo.

Sasa kupiga picha. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu tovuti ya mchoraji ni picha tu, na enameli ni rangi yenye matata. Inang'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Ukiipiga na mwanga wa kamera unapata doa jeupe katikati ya tumbo la kiboko. Ukiipiga juani unapata mbingu nzima. Rangi ile ni kioo, inaonyesha chochote kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake ni wewe na ua wenu na shati lako la njano.

Fanya hivi. Chagua asubuhi yenye mawingu, au kivuli cha baraza. Simamisha picha ukutani, wima kabisa, isiinamie nyuma. Muombe mama buibui lake jeusi, lifunge kwenye kamba nyuma yako kama pazia, wewe usimame mbele yake na nguo nyeusi. Sasa kioo kikitazama mbele kinaona weusi, na weusi hauleti mng'ao. Mwanga unaingia kutoka kulia na kushoto. Rudi nyuma mita mbili hivi na uvute kwa zumu ya mara mbili badala ya kusogea karibu. Lenzi ya simu ukiisogeza karibu hubenua kingo, picha ya mraba inakuwa na mashavu. Simu iwe usawa wa katikati ya picha, si juu wala chini. Katika piga la kwanza weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni ya fremu. Ukija kurekebisha kwenye kompyuta, rekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, na njano ya mzee itakuwa njano aliyoichora, si ile ya kivuli cha bati.

Kwa kila kazi piga nne: nzima, ya karibu inayoonyesha vitone na mkokoto wa brashi, moja yenye kitu cha kupimia ukubwa kama mlango au mtu aliyesimama, na ya nyuma yenye sahihi. Hiyo ya nyuma watu huisahau, na ndiyo itakayomwambia mwenye picha aliye, tuseme, Copenhagen kwamba mwandiko wake na wenu ni mmoja. Faili ziitwe kwa namba ya kazi, 2014-07-nzima, 2014-07-nyuma, badala ya zile tarakimu ndefu zinazotoka kwenye simu. Na tafadhali, usimtumie fundi kwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp inazibana mpaka vitone vinakuwa uji. Zitume kama dokumenti, au mpelekee flashi.

Zile za asili zihifadhi kama zilivyo. Za kuweka kwenye tovuti zitolewe nakala ndogo, upande mrefu pikseli 2000 kwa ukurasa wa kazi na kama 600 kwa zile za kwenye orodha, kwa mfumo wa rangi wa sRGB, la sivyo nyekundu itabadilika toka simu hii hadi ile. Nakala ya pikseli 2000 inaweza kubaki chini ya nusu MB na bado ikapendeza. Mtu wa bando la siku ataishukuru familia yenu. Kuhusu kuandika jina kubwa katikati ya kila picha ili isiibwe, mimi sipendi. Linaharibu kazi, na mwizi wa kweli hulifuta. Pikseli 2000 hazitoi chapa nzuri ya bango, hiyo ni kinga ya kutosha.

Mkifika hapa, mpangilio wa tovuti unajipanga wenyewe. Mbele: picha moja, jina la mzee, sentensi moja inayosema ni nani na yuko wapi. Isiwe picha tano zinazopishana. Hakuna anayesubiri ya pili. Kisha kazi, kuhusu mzee, na mawasiliano. Kila kazi na ukurasa wake. Kwenye ukurasa wa kazi weka kitufe cha WhatsApp chenye kiungo cha wa.me, namba yenu ikianza na 255 bila sifuri wala alama ya kujumlisha, na ujumbe uliokwisha andikwa: "Habari, naulizia kazi 2014-07." Mteja anabonyeza, wewe unapokea ukijua ni picha ipi. Kigari cha kununulia na malipo ya kadi achana nacho kwa sasa. Mnauza vitu vya kimoja kimoja, na mteja wa picha hupenda kuongea. Bei za zile ndogo za kitambaa ziandike wazi, watu huona aibu kuuliza. Za kubwa acha waulize, maana kukunja kitambaa na kukitia kwenye bomba ni gharama moja na kusafirisha hadibodi ni nyingine kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo fundi asipolifanya utakuwa umelipa bure. Anwani za ndani za zamani. Mwaka 2009 ukurasa wa kazi pengine uliitwa kitu kama gallery.php?id=47. Huo umeunganishwa na blogu ya mtalii fulani, umo kwenye Google, labda mtu ameuhifadhi. Tovuti mpya itauita kazi/2014-07. Lazima ule wa zamani umpeleke mtu kwenye mpya wenyewe, kwa uelekezaji wa kudumu ambao mafundi wanauita 301. Tengeneza jedwali la safu mbili, kushoto ya zamani, kulia mpya, mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha ya mchana mmoja. Fundi akikwambia zote atazielekeza ukurasa wa mbele, kataa. Ni sawa na mgeni kuulizia chumba cha baba yako ukamwacha mlango wa geti.

Lile neno la si salama halina ugumu. Anwani ya tovuti yenu inaanza na http bila ile s ya usalama, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huziwekea alama tovuti za namna hiyo. Cheti cha kuipata hiyo s kinatolewa bure na shirika la Let's Encrypt na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hukiweka kwa kubonyeza mara moja. Ukikiona kwenye ankara ya fundi kimewekewa bei, muulize ni cheti gani hicho.

Na milioni 2? Inategemea inanunua nini. Kwa kufuta na kubandika muundo wa tayari, ni nyingi. Kwa kuhamisha kazi 300 pamoja na uelekezaji wake, kurekebisha picha, na kukufundisha kuongeza kazi mpya, si nyingi hata kidogo. Mpe karatasi moja yenye mambo haya niliyokuandikia na umwombe aandike bei upya. Lipeni kwa mafungu matatu: la kuanza, la kuonyeshwa tovuti kwenye anwani ya majaribio, na la mwisho baada ya wewe mwenyewe kuchukua anwani 20 za zamani, kuziandika moja moja kwenye simu ya bei rahisi kabisa mliyo nayo nyumbani, ukiwa kwa bando na si Wi-Fi ya ofisini kwake, na zote zikafika zinakotakiwa. Muulize pia nani atakuwa anaisasisha. Akisema WordPress, sawa, ni programu nzuri ya kuendeshea tovuti, lakini ina viongezo vinavyotaka kusasishwa mara kwa mara, na ikiachwa mwaka mzima bila mtu huvamiwa na wezi wa mtandao. Kama hakuna wa kuiangalia, kurasa za kawaida zisizo na kanzidata zitawafaa zaidi. Zitakaa miaka kumi bila kulalamika.

Msifungue tovuti mpya Julai wala Desemba, wageni wakiwa wengi. Fungueni kipindi cha masika, biashara ikiwa imelala, mpate muda wa kuona kipi kimekatika.

Nimemwacha tembo mwisho lakini sikumsahau. Kile kiboksi cha kijivu ni Flash. Ilikuwa programu ya kuonyesha vitu vinavyotembea. iPhone haikuwahi kuikubali, Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 yenyewe ikawa inakataa kuonyesha chochote. Tembo wa mzee hawakuharibika, wamefungiwa tu. Kwenye zile faili utakazopakua tafuta lenye mwisho wa .swf. Ipo programu huria inaitwa Ruffle, inayozifungua faili hizo ndani ya kivinjari cha kawaida, hata cha simu. Internet Archive wanaitumia kuhifadhi kazi za Flash za zamani. Waweke kwenye ukurasa wa kumhusu mzee, na maneno mafupi: tembo waliofungua tovuti hii mwaka 2009. Ukurasa wa mbele wasirudi, na kama walikuwa na muziki unaoanza wenyewe, mweleze mzee kwa adabu kwamba siku hizi vivinjari vingi vinauzuia. Ni kweli, na itakuokoa mabishano.

Ukilipata hilo faili, nitumie na mimi. Kama dokumenti.